Kazi ya forodha au karakana ya nakshi: naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa

Kijana wa Kibokoni

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Nina miaka 24, ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto watatu, na nimepewa hadi Ijumaa ijayo niwe nimetia saini au nimekataa mkataba wa kazi katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Mkataba ni wa miaka 2, mshahara ni shilingi 38,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenipeleka kwa wenye kampuni, ananiambia kwamba wakiridhika nami huenda wakaniajiri kwa kudumu. Nilisomea stashahada ya uchukuzi na nikahitimu mwaka jana, kwa hivyo kazi yenyewe naielewa: kuingiza stakabadhi za mizigo katika mfumo wa forodha wa KRA, yaani mamlaka ya mapato, kufuatilia kontena tangu meli inapofunga gati Kilindini hadi lori linapotoka langoni, na kuwajibu wenye mizigo wanaopiga simu kila saa.

Linalonizuia kutia saini ni karakana. Tangu nilipokuwa kidato cha pili nimekuwa nikishinda kwa fundi mmoja wa nakshi hapa Mji wa Kale. Mwanzo nilifagia maranda na kunoa patasi. Kisha akanipa bobari, patasi yenye ncha ya mviringo, nichimbe mistari ya pembezoni mwa miimo ya milango. Na miaka 2 iliyopita akaniachia mfaa mzima wa mlango, ule mhimili wa katikati unaosimama pale mbao mbili zinapokutana, ambao ndio mgeni huutazama kabla hajabisha hodi. Mfaa ule ulinichukua siku 19. Nakumbuka ua la nne kutoka chini: mti ulikuwa na fundo mahali hasa ambapo jani lilipaswa kupita, nami nikataka kuutupa ubao wote. Mwalimu wangu akanishika mkono, akanionyesha jinsi ya kulipinda jani lizunguke lile fundo, hata leo ukilitazama utadhani lilichorwa hivyo tangu mwanzo. Darasani sikuwa mjinga, lakini sijawahi kujihisi mwenye akili kama nilivyojihisi siku ile.

Fundi huyo ana miaka 71. Presha ya macho imekwishalichukua jicho lake moja, na wanawe wote wako Ghuba, hawana nia ya kurudi kushika patasi. Ruwaza zake, nyingine alizorithi kwa baba yake, amezichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji na kuzihifadhi ndani ya sanduku la mkangazi. Ila karatasi haisemi kina cha mkato wala mlalo wa patasi. Hayo yamo mkononi mwake, na mwanafunzi aliyebaki ni mimi peke yangu.

Upande wa pili ni nyumbani. Baba alifariki miaka 2 iliyopita. Mama huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi huwa ameshakaa mlangoni na sufuria yake ya mbaazi. Kwa mwezi hupata kama shilingi 13,000. Matumizi yetu ni kama 33,000. Kodi ni 9,000. Chakula, gesi, umeme na maji ni 17,000. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu katika shule ya kitaifa ya bweni, ambayo karo yake ni 53,554 kwa mwaka, na nikijumlisha nauli na mahitaji yake huchukua kama 5,500 kwa mwezi. Zilizobaki, 1,500, ni za mdogo wetu wa mwisho. Karakana hunipa 20,000 mwezi ukiwa mzuri, na 6,000 ukiwa mbaya. Aidha nina deni la HELB, mkopo wa Serikali wa masomo, ambalo sijaanza kulilipa.

Swali langu ni hili: je, ni haki kwa mtu aliye katika hali yangu kuchagua kazi aipendayo, ilhali watakaolipa gharama ya uchaguzi huo kwanza ni mama yake na wadogo zake? Nawaomba mnijibu kama ambavyo mngemjibu mtoto wenu.

Mstaafu wa Changamwe

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilikuwa karani katika yadi moja ya kontena upande wa Changamwe kwa miaka 22, kwa hivyo ninaijua kazi unayopewa, na kabla ya jambo lolote nataka uujue mshahara wako ulivyo hasa, kwa sababu vijana wengi huhesabu pesa ambazo hawatazishika. Katika hizo 38,000, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, itachukua asilimia 6, yaani 2,280. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 1,045. Na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 570. Kodi ya mapato, ikishaondolewa nafuu ya 2,400 ambayo mfanyakazi hupewa kila mwezi, itakuwa kama 2,615. Mwisho wa mwezi utakuta kama 31,490 katika akaunti. Pengo la nyumbani kwenu, kwa hesabu uliyoitoa mwenyewe, ni 20,000. Utabakiwa na 11,490, na humo humo mna nauli yako, chakula chako cha mchana na HELB. Hata hivyo usiidharau ile 2,280 ya NSSF, maana sheria inamlazimisha mwajiri kuweka kiasi kicho hicho kwa jina lako, na katika karakana hakuna anayekuwekea chochote.

Sasa nikueleze kuhusu usalama wenyewe, ambao watu huuzungumza kana kwamba ni kitu kilichojengwa kwa mawe. Treni za mizigo za SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, zilipoanza mwaka 2018, na kontena za bara zikawa zinapakiwa kutoka bandarini moja kwa moja hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, sisi wa yadi tulidhani ni upepo utakaopita. Yadi yetu ilipunguza watu mara tatu katika muda wa miezi 14. Mimi niliondoka katika kundi la pili, nikiwa na barua nzuri ya shukrani mkononi na watoto wawili chuoni. Mwaka 2019 watu wa mji huu waliandamana kupinga amri ya kulazimisha mizigo ipite relini, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba uondoshaji wa mizigo unarudi Mombasa. Kazi zilirudi kwa baadhi ya watu. Mimi nilikuwa na miaka 58, na simu yangu haikulia.

Kwa hivyo mkataba wa miaka 2 uuite mkataba wa miaka 2. Usiuite ajira ya kudumu kwa sababu tu mjomba ametamka neno "huenda".

Pamoja na hayo yote, nakwambia tia saini. Wazee wetu husema kazi mbi si mchezo mwema, na mama anayeamka saa tisa za usiku baada ya kufiwa na mumewe anastahili kulala hadi alfajiri walau siku mbili katika juma. Binti wa kidato cha tatu akirudishwa nyumbani kwa karo katikati ya muhula, masomo aliyoyakosa hayatamngoja mpaka wewe umalize mlango. Umeuliza kama ni haki. Mimi naona ni haki uipende nakshi, tena uipende sana; ila kwa miaka hii miwili kula yao itangulie.

Mshona Viua wa Tudor

Mdogo wangu, kwa heshima ya mzee aliyetangulia, mimi ningekuwa wewe ningekataa, na nitakueleza sababu kwa urefu kwa kuwa sijapata kuieleza mahali pengine.

Bibi yangu mzaa mama alishona kofia za viua. Asiyewahi kuishika kofia iliyoshonwa kwa mkono huenda asijue kwamba kila kitundu hutobolewa peke yake, kisha ukingo wake ukazungushiwa uzi mpaka ukakaza, na kwamba kofia moja nzuri humchukua mshonaji miezi. Nilijifunza nikiwa na miaka 11, nimekaa kwenye mkeka chini ya dirisha lake, na nilipofika miaka 20 nilikuwa nimeshamaliza kofia 9 kwa mkono wangu. Nilipopata kazi ya ofisini, nilimwahidi bibi kwamba ninakwenda mwaka mmoja tu, nimsaidie baba kumalizia nyumba. Nyumba ikaisha. Kisha kaka akataka kuoa. Kisha nikaolewa mimi. Kisha ikaja karo ya mtoto. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ninayoweza kuijutia ikisimama peke yake. Imekwisha miaka 11.

Bibi alifariki mwaka wa sita. Ramadhani iliyopita nilitoa kitambaa nikataka kumshonea mwanangu kofia ya Idi. Safu ya kwanza ilitoka vizuri. Katika safu ya pili matundu yakaanza kupishana ukubwa, nikafumua, nikashona tena, na nilipofika pale ruwaza inapogeuka kuzunguka paji la uso sikukumbuka inageuka vipi. Katika ruwaza zote alizozijua bibi, nilikuwa nimebaki na majina ya mbili. Nilikaa na kitambaa mapajani, mtoto akiniuliza kama kofia yake imekwisha, na hapakuwa na mtu hai ambaye ningempigia simu nimwulize.

Mzee amepima usalama wa kazi ya bandari, na amepima kwa haki. Mimi naomba upime jambo jingine: kati ya haya mawili, lipi litakungoja? Maadamu meli zinaingia Kilindini, makarani wa forodha watahitajika, na stashahada yako haiozi. Jicho lililobaki la fundi wako halina ahadi hiyo. Tena usidhani kwamba mshahara wenyewe ndio utakaokutoa karakana. Utatolewa na uchovu wa saa moja ya usiku, ukiwa umesimama kwenye matatu na shati limelowa jasho, ukijiambia kuwa utapita kwa fundi kesho. Na utatolewa na mazoea ya kuona pesa kila tarehe 30, mazoea yanayomshika mtu polepole hata akauogopa mwezi usio na mshahara kuliko alivyouogopa alipokuwa hana kitu.

Mimi sikufukuzwa kwenye viua, wala hakuna aliyenikataza. Sikuweka tarehe ya kurudi, basi.

Kijana wa Kibokoni

Mzee wangu, nashukuru kwa hesabu. Nimeinakili na kuibandika ukutani. Dada yangu, maneno yako nilimsomea mama jana usiku akiwa anapima sukari ya mahamri. Hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akaniambia nirudie pale pa kofia ya Idi.

Naomba kama kuna anayeishi kwa kazi ya nakshi yenyewe, anieleze fedha zake zinavyoingia na zinavyotoka. Fundi wangu ni mtu wa zamani, hapendi kuzungumza pesa mbele ya mwanafunzi.

Fundi wa Majengo

Mdogo wangu, nina miaka 16 katika useremala, 10 kati yake katika nakshi, na ninalea watoto watatu kwa kazi hii hii. Inawezekana. Nitakueleza mambo yalivyo, ili ukiingia uingie ukiwa unaona.

Mwaka wenye milango mikubwa minne kwangu ni mwaka mzuri. Milango hiyo huja kwa watu wanaokarabati nyumba za Mji wa Kale, ambako sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kubomoa na kujenga apendavyo, na kwa wenye nyumba za Nyali au Nairobi wanaotaka lango la Kiswahili mbele ya jengo jipya. Miezi ya katikati naishi kwa fremu za vioo, masanduku, viti vya enzi na vitanda, na mara nyingine kwa kabati za jikoni zisizo na nakshi hata moja. Mchongaji anayekataa kutengeneza kabati hufa njaa kati ya mlango wa kwanza na wa pili. Siku hizi pia kuna mashine zinazoongozwa na kompyuta ambazo huchonga ua lile lile mara mia bila kuchoka, na mteja asiyejua huona bei yake tu. Mimi sizichukii, lakini nimegundua kwamba mteja aliyewekewa kazi mbili ubavuni kwa ubavu, akapitisha vidole, huutambua mkono wa mtu. Kwa hivyo huwa sitoi bei kwa simu. Namwambia aje aguse.

Kuhusu fedha, arbuni ndiyo uhai. Usianze kazi kabla hujapokea nusu ya bei, na ujue kwamba sehemu kubwa ya nusu hiyo itaishia kwenye mbao. Mbao ngumu tunazozitaka, mvule, mbambakofi na mkangazi, nyingi huletwa kutoka nje ya nchi, na Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, marufuku iliyodumu hadi 2023, hata mbao zisizohusika na misitu hiyo zilipanda bei kwa sababu kila seremala alikuwa anakimbilia yadi zile zile. Salio hulipwa mlango ukishasimama, na hapo ndipo wengi wetu huumia. Mapema mwaka 2020 nilikuwa nimemaliza vitanda 6 vya hoteli moja ya ufuoni. Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli ikafunga, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, mtu haingii wala hatoki, nami karakana yangu wakati huo ilikuwa humo ndani. Vitanda vilikaa chini ya turubai. Salio lile nililipwa baada ya miezi 17, kidogo kidogo. Aliyetulisha wakati huo ni mke wangu, kwa mshahara wake wa ualimu. Sioni haya kulisema, na ninataka ulifikirie sana: katika nyumba yangu usalama ulikuwepo, ila haukuwa mkononi mwangu. Katika nyumba yenu, je, ni nani atakayekuwa mke wangu mwalimu? Kwa sasa ni mama na sufuria ya mbaazi.

Kwa sababu hiyo mimi niko na mzee: tia saini. Lakini dada wa Tudor ameona kitu ambacho sote tunapaswa kukitazama, nami nitakijibu kwa mbao, kwa kuwa ndiyo lugha yangu. Kosa lililonigharimu kuliko yote lilikuwa kuchonga mbao mbichi. Mteja alikuwa na haraka, nami nilikuwa na shida, nikanunua mvule uliokuwa haujakauka, nikauchonga ukapendeza, na baada ya kusi moja na kaskazi moja mwimo wa kulia ukapasuka kuanzia juu. Niliutengeneza upya kwa pesa yangu. Ubao huhitaji kukauka mahali penye hewa na kivuli, na kanuni yetu wengi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Miimo ya mlango mzuri hutaka ubao wa inchi 2. Hesabu basi: mkataba wako ni wa miaka 2. Ukinunua ubao mmoja mmoja kutoka katika zile 11,490 zako, siku mkataba unapoisha ubao wa kwanza utakuwa umekauka na nyingine zikiufuata kwa zamu, akiba ambayo seremala mwenye arbuni peke yake hawezi kuwa nayo. Mimi ningelitamani sana kuanza hivyo. Nilianza na mkopo wa simu, na sikushauri.

Pia weka kando 60,000, yaani pengo la nyumbani la miezi 3, usiziguse kwa jambo jingine. Mdogo wako akishamaliza kidato cha nne pengo litashuka hadi kama 14,500, na hapo 60,000 zitakuvusha miezi 4. Katika muda huo huo fanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, anza na daraja la tatu, kwa sababu wanaotoa kandarasi za ukarabati huuliza cheti kabla ya kuuliza kazi.

Na kuhusu fundi wako, usijifunze kwa mpangilio wa kawaida tena. Anza na yale ambayo karatasi haiwezi kuyahifadhi. Ruwaza utazikuta sandukuni. Kina, mlalo wa patasi, namna anavyousikiliza mti kabla hajapiga, hayo yachukue kwanza. Weka simu juu ya kopo, umpige picha za video mikono yake, mara ubavu wa kulia, mara wa kushoto, na umwombe aseme anachokifanya hata kama ataona ni upuuzi.

Mama wa Gredi ya 9

Naomba radhi kwa kuingilia. Binti yangu anatakiwa achague mkondo wa sekondari ya juu, ama sayansi na teknolojia, ama sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Yeye anataka sanaa na baba yake anataka sayansi, nami nimekuwa upande wa baba yake bila kufikiri sana. Baada ya kusoma habari za viua nimetambua kwamba sijawahi hata kumwomba mtoto anionyeshe michoro yake. Leo jioni nitamwomba.

Mstaafu wa Changamwe

Fundi, umenifundisha habari za mbao ambazo sikuzijua, na nimeishi mji huu maisha yangu yote nikipita mbele ya milango hiyo. Nawe binti yangu wa Tudor, nimekusoma mara mbili. Niliutumia msemo wa kazi mbi na mchezo mwema kana kwamba karakana ya kijana huyu ni mchezo. Siyo, na neno hilo naliondoa. Ushauri wa kutia saini bado ninaushikilia.

Kijana wa Kibokoni

Wazee wangu na dada yangu, leo ni Alhamisi usiku na ninawajibu wote pamoja.

Nilikwenda ofisini Jumanne nikaomba niwe huru kila Jumamosi. Walikataa, kwa kuwa meli hazina Jumamosi, lakini wamekubali niwe naingia saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Nilipomweleza mwalimu wangu niliogopa ataona nimemwacha. Alinyamaza, akamalizia kunoa alichokuwa akinoa, kisha akaniambia nije kila siku baada ya swala ya alfajiri, na akanieleza jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kulisema. Tangu jicho la kwanza lilipokwenda, hawezi tena kukijua kina cha mkato kwa kuutazama ubao wakati wa mchana, kila kitu huonekana bapa. Lakini asubuhi jua huingia kwa dirisha la mashariki likiulalia ubao ubavuni, kila mkato hutoa kivuli chake, naye hukisoma kina kwenye kivuli. Kufikia saa tatu jua limepanda na vivuli vimekwisha. Kwa hivyo saa ile ninayoweza kumpa ndiyo saa anayoweza kunifundisha. Simu nitaiweka juu ya kopo kama ulivyonielekeza, fundi.

Kesho nitatia saini. Dada yangu, ushauri wako sikuufuata, na ninajua kwamba huenda wewe ndiye uliyeona mbali kuliko sote. Ila tarehe nimeiweka. Mama amepata zamu yake ya chama cha kuchangiana juma hili na amenikopesha sehemu, nimrudishie katika mshahara wa kwanza na wa pili. Jana mimi na mwalimu wangu tulikwenda yadi tukachagua ubao wa mbambakofi wa inchi 2, tukaupandisha kwenye mkokoteni hadi Kibokoni, nami nikauandika ubavuni kwa penseli tarehe ya jana, na chini yake tarehe ya miaka 2 kutoka jana. Ameuegemeza nyuma ya sanduku la ruwaza, pasipofika jua.